Matuta ya Kukinga Maji

Mzizi wa mahindi uliokufa maji una harufu yake, na aliyeinusa mara moja hahitaji kufundishwa tena. Si harufu ya samadi, wala ya takataka za sokoni. Ni harufu ya yai viza. Ukiuvuta mzizi wenyewe kwa vidole, ngozi ya nje inachomoka yote kama soksi mbovu, unabaki na kiuzi cheusi chenye utelezi. Niliinusa harufu hiyo kwetu magharibi nikiwa mtoto, nikaja kuinusa tena Nairobi mwanzoni mwa miaka ya sabini nikiwa nimevaa tai. Mpaka leo nikisikia mtu wa mjini akiisifu mvua nyingi, naondoka hapo nilipoketi. Nitaeleza sababu, ingawa hainipi sifa yoyote.

Nilikuwa karani mdogo katika ofisi moja katikati ya jiji, ghorofa ya tatu, dirisha linalotazama ukuta. Kazi ya kitengo chetu ilikuwa kukadiria hasara ya mazao. Palipopitishwa barabara, bomba au mfereji, na mahindi ya watu yakaharibika, sisi ndio tuliotumwa kupima kilichopotea na kusema kimepotea kwa sababu gani. Watu walitungoja kama wagonjwa wanavyomngoja daktari. Laiti wangejua tulivyokuwa tukifanya kazi hiyo, wangetufukuza na fimbo.

Mkuu wa kitengo alikuwa mtoto wa mkulima kama mimi, lakini alilichukia tope utadhani lilimtukana mama yake. Alikagua mashamba akiwa ndani ya gari. Dereva alisimamisha barabarani, mkuu akateremsha kioo kidogo, akaweka kitambaa chenye manukato puani, akatazama mistari ya mahindi iliyo karibu na lami, akasema namba. Namba hiyo nikaiandika. Mistari ya kando ya barabara huwa juu kidogo, maji hayakai pale, kwa hiyo karibu kila shamba lililopita machoni pake lilikuwa na afya. Nilikuwa nikiona aibu mwanzoni. Baadaye nikazoea, na hilo ndilo linalonichukiza zaidi.

Fomu yetu nayo ilikuwa na safu mbili tu za kuhesabia: mimea iliyosimama na mimea iliyolala. Aliyeitunga hakika alikuwa akifikiria upepo. Mahindi yaliyokufa maji hayalali. Yanakufa yamesimama, na yanaweza kukaa hivyo majuma mawili, jani la juu bado kijani, huku chini kila kitu kimeshaoza. Siku moja nilithubutu kumwambia mkuu.

"Mkubwa, haya yamekufa."

"Yamekufa na yamesimama? Wewe umewahi kuona maiti imesimama?"

Dereva akacheka. Mimi pia nikacheka, kwa kuwa mshahara wangu ulitaka nicheke.

Kazi yenyewe, ikifanywa sawasawa, wala si ngumu. Unangoja maji yaondoke, kisha unangoja tena siku kadhaa, maana mmea uliozama hausemi ukweli siku ileile. Unaingia katikati ya shamba, si pembeni. Unapima kwa kamba, unahesabu, unang'oa michache, unapasua shina kwa kisu karibu na mizizi. Kiini kikiwa cheupe na kigumu, mmea utaishi. Kikiwa laini na cha rangi ya chai, basi. Majani yake huanza kugeuka manjano kutoka chini, na mtu asiyejua atakuambia mwenye shamba hakutia mbolea. Mambo haya sikuyasoma popote. Kwetu kuna shamba la babu lililoko kando ya kinamasi, na kila mwaka wa mvua kubwa tulipita ndani yake tukivuta mashina, tukinusa, tukitema mate.

Mwaka ninaousema, masika yalikuwa makali. Kulikuwa na bonde dogo chini ya mtaa wa Jamhuri, udongo mweusi ule unaopasuka kiangazi na kunata mvuani hadi unakuvua kiatu. Wenye ardhi waliwaruhusu akina mama wa mitaa ya karibu walime vipande vyao pale mpaka itakapohitajika. Kabla ya mvua, mkandarasi mmoja akachimba mfereji upande wa juu, na udongo alioutoa akautupa mahali ambapo maji ya zamani yalikuwa yakitokea. Mvua ilipozidi, maji ya mfereji yakamiminika mashambani na hayakuwa na pa kutokea. Yakakaa. Akina mama wakaenda kulalamika, na wenye ardhi wakasema watafuata yatakayosemwa na ofisi yetu. Masharti yao yalikuwa mafupi. Aliyeharibiwa na mfereji angepewa magunia ya mahindi na mbegu ya vuli, na kipande chake angeendelea kukilima. Aliyeonekana amejiharibia mwenyewe angeondoka.

Mkuu alikwenda kwa gari, akateremsha kioo, akakipandisha upesi. Harufu ilikuwa imefika barabarani.

"Shuka wewe," akaniambia. "Mimi nina kikao mjini. Niletee kila kitu kwa maandishi."

Nikavua viatu, nikavaa buti za mpira za dereva zilizokuwa zimepasuka kisigino, nikaingia. Maji yalikuwa yameshaondoka siku nne tano hivi, yameacha utando wa kijani juu ya udongo, utando unaong'aa, wenye mapovu madogo yanayopasuka ukikanyaga. Tope liliingia kwenye buti kupitia pale kisigino, baridi, likapanda kati ya vidole vya miguu. Chura aliyekufa alikuwa amevimba katikati ya mstari, nikamkanyaga. Mahindi yenyewe yalikuwa ya kufika magotini, majani ya chini ya rangi ya mkojo, mashina yana wekundu wa ajabu. Nilivuta la kwanza likaja bila ubishi wowote. Hakuna kitu kinachokirihi kama mmea unaokuja mkononi bila kushikilia.

Akina mama walikuwa wamejipanga ukingoni. Mmoja tu ndiye aliyeingia kunifuata, peku, leso imefungwa kiunoni. Alikuwa mjane wa makamo kutoka Ukambani. Alipika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kuchemshwa na maharagwe, akawauzia mafundi na vibarua pale Kenyatta Market. Mahindi ya kununua, aliniambia, yanakula kazi yake yote. Mahindi ya kipande hiki ndiyo yaliyomweka mjini.

"Kuja uone yangu," akasema. "Yangu si kama ya hawa."

Kweli kipande chake hakikuwa kama vya hao. Vipande vya wengine vilikuwa tambarare, vimelimwa haraka haraka. Chake kilikuwa na matuta. Marefu, yamepinda kufuata mteremko mdogo wa bonde, yamepigwapigwa kwa ubapa wa jembe mpaka yakawa laini, na kila nafasi kati ya tuta na tuta imezibwa ncha zote mbili. Nilisimama nikayatazama nikiwa sijui nicheke au nilie. Kwetu magharibi, tuta ni la kupitisha maji yaende zake. Huyu mama alikuwa amejenga mabeseni. Alikuwa ameleta Nairobi, kwenye udongo mweusi usionyonya kitu, maarifa ya mahali ambapo mvua ikinyesha unaikimbilia usije ukaikosa.

"Kwetu maji haingojangi mtu," akaniambia. "Unaishika ama inaenda. Hii yote nimeinua na jembe, mimi mwenyewe, tangu Januari mpaka mvua ikakuja. Hakuna mtu amenisaidia."

"Na mvua ilipokuja?"

"Nilifurahi. Nikasema matuta imeshika. Halafu mahindi ikifika karibu goti, nikaona maji ya mfereji inakuja na huko juu, nyekundu, na haiendi. Ikapita juu ya matuta yangu, ikapita juu ya shamba ya kila mtu."

Nikamuuliza kama anadhani matuta yalizidisha. Nilimuuliza kwa upole, nilidhani. Akanitazama kwa mshangao, jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyeuliza kama chumvi ni tamu.

"Matuta inaharibu nini? Si kazi? Wewe andika tu vile nimelima. Watu wa ofisi wajue sikukaa bure."

Nikaingia kati ya matuta, nikapima, nikahesabu, nikapasua. Katika mabeseni yake karibu kila shina lilikuwa limekufa. Katika vipande vya jirani, visivyo na tuta hata moja, karibu kila shina lilikuwa limekufa vilevile. Maji ya mfereji yalikuwa mengi mno kujali nani kalima vipi. Lakini juu ya matuta yenyewe, pale kwenye mgongo, alikuwa amepanda mstari mmoja mmoja ili asipoteze nafasi, na mistari ile ilikuwa hai. Kijani halisi. Nilipasua shina moja, kiini cheupe, kigumu. Katika bonde zima, mahindi pekee yaliyokuwa yakipumua yalikuwa juu ya migongo ya matuta ya yule mama. Sikuyahesabu. Utaratibu wetu ulisema mistari ya kingo isihesabiwe, na tuta ni kingo. Nilifuata utaratibu.

Nilikuwa nikiishi Kileleshwa wakati huo, chumba cha nyuma cha nyumba moja kubwa, pamoja na binamu yangu aliyekuwa mpishi wa familia ile. Nilifika jua halijazama, nikaosha miguu kwa sabuni ya kufulia mara tatu, nikasugua kucha kwa mswaki mzee. Binamu akaweka ugali na sukuma. Nilipoukata ugali nikausogeza mdomoni, harufu ikatoka chini ya kucha zangu. Yai viza. Nikarudisha tonge sahanini.

"Umeshika nini leo?" akauliza.

Nikamweleza. Nilipofika kwenye matuta yaliyozibwa ncha zote mbili, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaweka mkono ubavuni.

"Wakamba na maji! Amefungia mvua nyumbani isitoroke!"

Nami nikacheka. Nisijifanye mtakatifu, nilicheka sana, na wakati nacheka sentensi ikajiunda kichwani mwangu, nzuri, yenye mzunguko. Nilitaka kuiandika. Nilikuwa nimechoka kuwa karani wa namba za dirishani. Nilitaka mkuu asome maneno yangu aone kwamba kuna mtu anayejua udongo na desturi za watu.

Ripoti niliyoandika ilikuwa na kurasa nne. Nilieleza utando, mizizi, kiini cha rangi ya chai. Nilieleza udongo uliotupwa penye njia ya maji, tena nikachora mchoro. Nilisema wazi kwamba mfereji ndio uliosababisha hasara katika vipande vyote, vyenye matuta na visivyo na matuta. Na katika ukurasa wa tatu nikaweka ile sentensi yangu. Ilikuwa ya Kiingereza, lakini maana yake ni hii: mmoja wa wakulima hawa, kwa kufuata desturi ya nchi kame alikotoka, amejenga kwa bidii kubwa matuta ya kukinga maji yasitoke shambani.

Niliipenda sentensi hiyo. Niliisoma mara mbili kabla ya kuipeleka, nikatabasamu peke yangu mezani. Kila nikikumbuka lile tabasamu najiona mchafu kuliko siku niliyokanyaga chura.

Juma lililofuata mkuu aliniita. Kwa mara ya kwanza aliniambia niketi. Ripoti yangu ilikuwa mbele yake, na katika kurasa zote nne kulikuwa na mahali pamoja tu palipopigwa mstari kwa kalamu nyekundu.

"Kazi nzuri sana," akasema. "Hapa umetusaidia. Walikinga maji wenyewe."

"Ni mmoja tu, mkubwa. Na hata yeye, maji yalipita juu ya matuta. Nimeeleza ukurasa huohuo."

"Umeeleza mengi. Wenye ardhi hawasomi mengi."

"Vipande vingine havina matuta kabisa."

Akaipanga ripoti ikakaa sawa, akaitazama tai yangu, kisha akanitazama usoni.

"Kijana, wewe ndiye uliyeandika ama si wewe?"

Nilisema ni mimi. Hapo palikuwa na nafasi ya kusema jambo la pili, hata la tatu. Ningeweza kusema nitaandika upya. Ningeweza kusema kuhusu ile mistari ya kijani juu ya matuta, kwamba kama akina mama wote wangekuwa na matuta ya namna ile, na mahindi yote yakawa juu yake, pengine wangevuna. Nilikaa kimya. Nilikuwa nimepewa kiti. Miezi michache baadaye nilipandishwa cheo, nikahamia kwenye dirisha linaloona barabara. Nakumbuka nilinunua viatu vipya, vya ngozi, vyenye kung'aa, na kila asubuhi nilivipangusa kwa kitambaa kabla ya kuingia ofisini. Nilikuwa nimeanza kufanana naye, na hakuna aliyenilazimisha.

Lakini kabla ya hicho cheo, yule mama alikuja.

Ilikuwa kama Agosti, baridi ile ya Nairobi isiyokuwa na mvua wala jua. Mlinzi alinipigia simu kutoka chini akisema kuna mama ananitafuta, hajui jina langu, anasema yule kijana wa buti zilizopasuka. Nilishuka. Alikuwa amesimama ukumbini karibu na ngazi, amevaa viatu, amejifunga kitambaa kichwani vizuri, mkononi ana mfuko wa kiondo. Watu waliokuwa wakipita walimkwepa kidogo.

"Hujambo, mama."

"Sijambo, kijana yangu. Nimeleta barua. Nimepewa na wale watu, na mimi siwezi kusoma. Mafundi pale sokoni wanasoma kidogo tu, kila mmoja ananiambia yake. Nikasema niende kwa yule anajua habari yote."

Alitoa bahasha kwenye kiondo. Alikuwa ameifungia ndani ya karatasi ya nailoni isipate mafuta. Nikaifungua palepale chini ya ngazi. Ilikuwa ya Kiingereza, aya mbili. Ya kwanza ilisema kwamba kwa kuwa imethibitishwa na mkadiriaji kwamba wakulima wenyewe waliyakinga maji yasitoke, hakuna kitakacholipwa kwa yeyote na vipande vyote vinarudishwa kwa wenye ardhi. Ya pili ilikuwa sentensi yangu. Neno kwa neno, ndani ya alama za kunukuu, pamoja na ile "bidii kubwa". Harufu ikanirudia. Nasema kweli, katika ukumbi ule wa sakafu iliyopigwa dawa, niliinusa ile mizizi.

"Inasema nini?"

"Inasema vipande vinarudishwa kwa wenyewe, mama. Vyote."

Alihamishia kiondo mkono wa pili.

"Na magunia?"

"Hakuna magunia."

"Kwa nini?"

Macho yangu yalikuwa juu ya aya ya pili. "Wanasema ni mambo ya mfereji," nikamwambia. "Wanataka ardhi yao kwa ajili ya mfereji."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyetarajia. Hakulia, hakutukana. Ningefurahi angetukana. Alisema atarudi Machakos kwa dada yake mpaka aone la kufanya, kwa sababu bei ya mahindi ya kununua haiwezi. Akaikunja barua kwa uangalifu, akairudisha kwenye nailoni, akaiweka kwenye kiondo. Kisha akatoa mahindi matatu mabichi, bado na maganda yake, akaniwekea mikononi. Nilichambua ganda moja ili nipate pa kuweka macho. Punje zilikuwa zimejaa mpaka ncha, hakuna pengo hata moja.

"Hii ni ya juu ya matuta," akasema. "Ile ya chini yote ilikufa, wewe uliona. Lakini hii ilizaa. Nimekuletea kwa sababu wewe peke yako ndiye uliingia ndani. Yule mwingine alikaa kwa gari."

 Nilishika yale mahindi kifuani, viatu vyangu safi, kucha zangu safi.

"Na matuta yangu," akaniuliza, "uliiandika?"

"Niliyaandika, mama."

Uso wake ukafunguka kwa mara ya kwanza tangu aingie. Akanipa mkono, wa kulia, na kwa wa kushoto akashika kiwiko chake kwa heshima, vile anavyosalimiwa mkubwa.

"Asante," akasema. "Basi angalau wanajua nililima."